Makobola: Sindano ya nguvu za kiume na homoni ya pili ambayo wanaume hawaizungumzii

MAKOBOLA, KIVU KUSINI – Mwanaume anachomwa sindano ya testosteroni akitarajia nguvu. Wiki chache zinapita, chuchu zinaanza kumuuma, na chini ya chuchu anagusa kitu kigumu kama kifungo cha shati. Hasemi kwa mke, hasemi kwa rafiki. Wengine hapo huacha dawa kimya kimya. Wengine hurudi famasi kununua dawa ya pili ya kurekebisha ile ya kwanza, na mara nyingi madhara makubwa zaidi huanzia hapo.

Kinachomtokea kina jina: estradioli. Ni homoni ambayo watu wengi wanaijua kuwa ya wanawake, lakini kila mwanaume anayo tangu ujana wake.

Inatoka wapi?

Mwili wa mwanaume hautumii testosteroni yote kama ilivyo. Sehemu yake hubadilishwa kuwa estradioli na kimeng'enya kinachoitwa aromatasi, ambacho kwa wingi kinakaa katika mafuta ya mwili. Kwa hiyo mwanaume mnene hutengeneza estradioli nyingi kuliko mwembamba, hata kama wamechomwa dozi sawa. Testosteroni ikipanda, estradioli nayo hupanda nyuma yake.

Sindano inaongeza jambo lingine. Testosteroni ya aina ya enantati hupanda sana siku za kwanza, halafu hushuka taratibu mpaka sindano inayofuata. Mtu anayepimwa siku ya pili na yule anayepimwa siku ya kumi na nne watapata majibu tofauti kabisa, hata kama afya yao ni moja. Ndiyo maana waganga wa homoni hupenda kupima katikati ya sindano mbili.

Si adui

Kosa la kawaida ni kufikiri kwamba estradioli kidogo ndiyo afya ya mwanaume. Mwaka 1994, jarida la New England Journal of Medicine lilieleza habari ya mwanaume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni hata kidogo. Testosteroni yake haikuwa na shida. Lakini alikuwa na urefu wa sentimita 204, alikuwa bado anaendelea kurefuka, na mifupa yake ilikuwa dhaifu. Waganga walielewa kwamba estrojeni ndiyo inayofunga ukuaji wa mifupa ya mwanaume na kuilinda.

Mwaka 2013, jarida hilohilo lilitoa utafiti uliofanywa Boston, Marekani, kwa wanaume wa miaka 20 hadi 50. Homoni zao za asili zilizimwa kwa dawa, kisha wakapewa testosteroni kwa dozi mbalimbali. Kundi moja lilipewa pia anastrozoli, dawa inayozuia aromatasi. Waliokosa estradioli waliongezeka mafuta mwilini, na hamu yao ya tendo la ndoa ilishuka, ingawa walikuwa wanapata testosteroni. Kwa maneno mengine, mwanaume anayejinunulia dawa ya kushusha estradioli anaweza kupoteza kilekile alichokuwa anakitafuta.

Namba kwenye karatasi

Vituo vidogo vya afya vya pwani ya Tanganyika havina mashine za kupima homoni. Mwanaume wa Makobola anayetaka majibu hulazimika kutafuta maabara kubwa mjini, na kila maabara ina namna yake ya kuandika.

Kwa mwanaume mzima, estradioli ya kawaida ni kati ya pikogramu 10 na 40 hivi kwa mililita moja ya damu (pg/mL). Lakini maabara nyingine huandika kwa pikomoli kwa lita (pmol/L), na namba hiyo ni kubwa karibu mara 3.7. Estradioli ya pg/mL 30 ni sawa na pmol/L 110. Ni damu ileile, kiwango kilekile. Mtu aliyesikia kwamba mwisho ni 40, akaona 110 kwenye karatasi yake, anaweza kuogopa bure na kuanza dawa ambayo hakuihitaji.

Kuna na tatizo la kipimo chenyewe. Mashine nyingi za hospitali zilitengenezwa kwa ajili ya viwango vya wanawake, ambavyo ni vikubwa. Zikipima kiwango kidogo cha mwanaume, zinaweza kukosea. Kipimo cha uhakika zaidi ni kile kinachopima uzito wa chembe zenyewe, lakini ni ghali na maabara chache za kanda hii zinacho.

Kwa sababu hiyo, miongozo ya chama cha waganga wa njia ya mkojo cha Marekani haisemi kila mwanaume apimwe estradioli. Inasema apimwe yule mwenye dalili za kifua, na apimwe kabla hajaanza testosteroni. Estradioli iliyopanda kidogo bila dalili yoyote mara nyingi haihitaji dawa. Dalili zikiwepo, hatua ya kwanza ya muganga huwa ni kuangalia dozi: kuipunguza, au kuigawa iwe ndogo na ya mara kwa mara.

Kifua kikivimba bila sindano

Si kila mwanaume mwenye kifua kilichovimba amechomwa testosteroni. Mwaka 1949, muganga J.N.P. Davies, aliyefanya kazi Kampala, aliandika katika British Medical Journal juu ya wanaume wa Kiafrika waliokuwa na matiti yaliyokua, akihusisha hali hiyo na ugonjwa wa ini. Ini likiharibika, kwa pombe kali kama kanyanga au kwa homa ya ini aina ya B, uwiano wa homoni hupotea na upande wa estrojeni huzidi.

Dawa nazo zinahusika. Efavirenzi, dawa ya kupunguza makali ya VVU iliyotumika miaka mingi Afrika, inajulikana kuvimbisha matiti ya baadhi ya wanaume. Tangu Shirika la Afya Duniani lipendekeze dolutegraviri, wagonjwa wengi wamebadilishiwa dawa. Anayeona dalili hii asiache dawa mwenyewe. Amwambie muganga wake abadilishiwe.

Hata njaa huacha alama. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wafungwa waliotoka kambini na kuanza kula vizuri walivimba matiti kwa muda, kisha hali ikaisha yenyewe. Kwa eneo ambalo familia zimekimbia na kurudi mara nyingi, jambo hili linafaa kukumbukwa kabla ya kumcheka kijana.

Lakini uvimbe wa upande mmoja, mgumu, unaoendelea kukua au wenye kutoa damu kwenye chuchu lazima uonwe na muganga haraka. Saratani ya matiti kwa wanaume ni adimu, lakini ipo.

Anayetafuta mtoto

Hatari kubwa zaidi inawahusu wanandoa wanaosubiri mtoto. Wanaume wengi hufikiri testosteroni itaongeza mbegu. Inafanya kinyume. Ubongo ukiona homoni imejaa damuni, unaacha kuziamuru korodani kufanya kazi, na mbegu zinakauka.

Jambo hili lina nguvu kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lililijaribu kama njia ya uzazi wa mpango. Katika utafiti uliotolewa mwaka 1990, wanaume 271 wenye afya walichomwa miligramu 200 za testosteroni enantati kila wiki. Ndani ya miezi sita, 157 hawakuwa na mbegu hata moja. Kwa kawaida mbegu hurudi sindano ikisimamishwa, lakini inaweza kuchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Katika familia ambako mwanamke ndiye anayelaumiwa kwanza, miezi hiyo inaweza kuvunja ndoa.

Kabla ya sindano ya kwanza

Miongozo ya kimataifa inataka testosteroni ipimwe mara mbili, asubuhi, kabla ya kula, siku mbili tofauti. Ikiwa iko chini mara zote mbili na dalili zipo, ndipo tiba ianze. Baada ya hapo, mgonjwa anarudi ndani ya miezi mitatu hadi sita kupimwa testosteroni, tezi dume na uzito wa damu. Kiwango cha chembe nyekundu kikizidi asilimia 54, tiba inasimamishwa kwanza, kwa sababu damu nzito inaweza kuganda.

Kwa mwanaume atakayepanda gari la Uvira kwenda kupimwa, mambo matatu yatamsaidia: kuandika tarehe ya sindano ya mwisho, kutunza kila karatasi ya majibu yenye kipimo kilichotumika, na kumwambia muganga ukweli kama bado anataka watoto. Swali hilo la mwisho likijibiwa mapema, huenda sindano yenyewe isihitajike.