Kuunga, Kurekebisha na Kuremba: Mipaka ya Upasuaji wa Mifupa ya Uso kwa Wakazi wa Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafafanua upasuaji unaobadili umbo la mifupa ya uso kwa kuzingatia mazingira ya wilaya za Kinondoni na Temeke. Hoja kuu ni kwamba mpaka kati ya tiba na urembo haupo katika mfupa wala katika mbinu ya daktari, kwa kuwa mkato uleule wa taya huweza kutumika kwa makusudi yote mawili. Mpaka huo huwekwa na jina ambalo upasuaji umepewa, na jina hilo ndilo huamua nani atagharimia. Makala yanaonesha jinsi mgonjwa aliyevunjika uso na kuchelewa kutibiwa anavyoweza kuhesabiwa kuwa mtafuta urembo, kisha yanapendekeza vigezo vya kumtenganisha na yule anayetaka kubadili sura kwa hiari.

1.0 Utangulizi

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Kati yao, Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 na Kinondoni watu 982,328. Wengi wa wakazi hawa huishi mbali na katikati ya jiji, katika maeneo kama Mbagala na Chamazi kwa upande wa kusini, Tegeta na Bunju kwa upande wa kaskazini. Safari zao za kila siku hutegemea daladala na, pale daladala zinapoishia, bodaboda. Tangu kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilipotolewa mwaka 2010, bodaboda imekuwa usafiri rasmi wa umma. Ajali zake zimewaletea madaktari wa taya na uso kazi nyingi.

Upasuaji wa kubadili umbo la uso unapotajwa, fikra za wengi huenda kwa watu wenye fedha wanaotaka kidevu chembamba au pua iliyonyooka. Fikra hiyo ilipata nguvu zaidi mwaka 2023, Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilipoanza kutoa huduma za upasuaji wa urembo. Huduma zilizotangazwa zaidi zilihusu mafuta, matiti na umbo la kiwiliwili. Mifupa ya uso ina historia tofauti. Hapa nchini mifupa hiyo imekuwa ikikatwa, ikisogezwa na kufungwa upya kwa miaka mingi kwa sababu ya ajali, uvimbe wa taya na kasoro za kuzaliwa. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na leo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha pia wataalamu wa upasuaji wa kinywa, taya na uso.

2.0 Mifupa ya Uso na Namna Inavyobadilishwa Umbo

Uso hubebwa na mifupa kadhaa iliyoshikamana, isipokuwa taya la chini ambalo hucheza kwenye viungo viwili vilivyo mbele ya masikio. Mifupa hii haina kazi ya kuonekana tu. Taya la juu na la chini hushika meno na kuyakutanisha, vitefute hubeba sehemu ya tundu la jicho, na mfupa wa pua hulinda njia ya hewa. Kwa hiyo, badiliko dogo la umbo huweza kuwa badiliko kubwa la kazi. Kitefute kikididimia, shavu huonekana bapa. Pamoja na hayo, jicho huweza kushuka na mtu akaona vitu viwiliviwili, ngozi ya chini ya jicho ikafa ganzi, na mdomo ukashindwa kufunguka vizuri.

Mwaka 1901, daktari wa Kifaransa René Le Fort alichapisha matokeo ya majaribio aliyofanya kwa maiti, akaonesha kuwa taya la juu huelekea kuvunjika katika mistari mitatu inayotabirika. Maelezo yake yalihusu majeraha, lakini baadaye mistari hiyo ikawa ramani ya mahali pa kukata kwa makusudi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Harold Gillies aliwatibu askari waliopasuliwa nyuso katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1917. Mwaka 1957, Hugo Obwegeser alieleza njia ya kulipasua taya la chini kwa urefu wake kutoka ndani ya kinywa, ili lisogezwe mbele au nyuma bila kuacha kovu usoni. Mwaka 1967, Paul Tessier aliwasilisha mjini Roma mbinu za kusogeza mifupa ya uso na ya tundu la jicho kwa watu waliozaliwa na kasoro kubwa.

Jambo la kuzingatia katika historia hii ni mwelekeo wake. Mbinu ambazo leo hutumiwa kupunguza pembe za taya, kusogeza kidevu au kupunguza vitefute kwa ajili ya sura zilitokana na kazi ya kuwatibu waliovunjika na waliozaliwa na kasoro. Vifaa ni vilevile: msumeno mwembamba, patasi, vibamba vidogo vya titani na skrubu. Hatari pia ni zilezile. Mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini ukijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu huweza kufa ganzi, pengine moja kwa moja. Mfupa uliokatwa hauwezi kurudishwa ulivyokuwa, tofauti na nywele zilizonyolewa au nguo iliyopunguzwa.

3.0 Kutoka Barabarani hadi Chumba cha Upasuaji

Tuchukue mfano wa kubuni wa abiria wa bodaboda aliyeanguka Mbagala, katika Barabara ya Kilwa. Hakuvaa kofia ngumu. Hata kama angevaa ile iliyo wazi mbele, taya na vitefute vingebaki bila kinga, kwa kuwa kofia ya namna hiyo hulinda fuvu tu. Atafikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Kama angeanguka upande wa Kinondoni, angepelekwa Mwananyamala. Huko wahudumu huanza na njia ya hewa, damu inayovuja na ubongo. Utaratibu huu ni sahihi, kwa sababu mgonjwa haokolewi kwa kunyooshwa shavu. Katika hatua hiyo fomu ya polisi namba 3, ijulikanayo kama PF3, nayo hushughulikiwa. Ikiwa jeraha la uso ni gumu, mgonjwa hupewa rufaa kwenda Muhimbili.

Matibabu ya taya lililovunjika yana njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuyafunga mataya pamoja kwa nyaya kwa takribani wiki nne hadi sita, huku mgonjwa akiishi kwa uji, supu na maziwa. Ya pili ni kufungua sehemu iliyovunjika na kuishikiza kwa vibamba vya titani, ili mgonjwa aweze kufungua kinywa mapema. Njia ya pili huhitaji nusukaputi, chumba cha upasuaji na vifaa vinavyonunuliwa. Kwa mtu anayeishi kwa kipato cha siku, wiki sita za kufungwa kinywa ni wiki sita za kazi iliyolegea au iliyosimama. Vibamba navyo ni gharama ambayo jamaa wanapaswa kuichangia kwa haraka.

Haraka hiyo ina sababu ya kibaiolojia. Vipande vya mifupa ya uso huanza kushikana ndani ya wiki mbili hadi tatu. Mgonjwa akichelewa kwa kukosa fedha, kwa kusubiri nafasi au kwa kudhani kuwa uvimbe ukipungua amepona, mfupa huunga kombo. Baada ya hapo hakuna tena mvunjiko wa kuunga. Kilichopo ni mfupa uliopona vibaya ambao lazima ukatwe upya ili uwekwe mahali pake. Hapo ndipo tatizo la jina linapoanza. Kwenye karatasi, mgonjwa huyu hana jeraha jipya. Ana uso uliopinda na anaomba unyooshwe.

Hali inayofanana na hiyo huwapata wagonjwa wa ameloblastoma, uvimbe wa taya ambao taarifa za Muhimbili zimeuonesha mara nyingi kuwa ndio unaoongoza miongoni mwa vivimbe vinavyotokana na tishu za meno. Uvimbe huu si saratani kwa kawaida, hukua polepole na mara nyingi hauumi, jambo linalowafanya wengi wafike hospitali taya likiwa limefura sana. Ukikwanguliwa tu, huelekea kurudi. Kwa hiyo, mara nyingi sehemu ya taya hukatwa pamoja na ukingo wa mfupa mzima. Kuuondoa uvimbe huhesabiwa kuwa tiba bila ubishi. Kulijenga upya taya kwa kibamba, au kwa mfupa uliochukuliwa nyongani au mguuni, huweza kuonekana kama nyongeza inayoweza kungoja, ingawa asiye na taya hatafuni, hasemi sawasawa na hushindwa kuzuia mate.

4.0 Vitenzi Vitatu

Lugha ya Kiswahili ina vitenzi vitatu vinavyosaidia kuupambanua mgogoro huu. Kuunga ni kurudisha pamoja kilichotengana. Kurekebisha ni kukirudisha katika hali ifaayo kitu kilichokwenda kombo, na ndicho kitenzi kilichozaa istilahi ya upasuaji rekebishi. Kuremba, kunakozaa urembo, ni kukiongezea uzuri kitu ambacho tayari kimekamilika. Kwa kipimo hiki, aliyeunga kombo haombi kurembwa, kwa kuwa hakuna ukamilifu unaoongezewa uzuri.

Kitenzi umba nacho kina la kutufunza. Kwacho tunapata umbo na maumbile. Kikipewa kiambishi cha kutendua, kama ziba inavyozaa zibua na funga kuzaa fungua, tunapata umbua: kuharibu umbo na, wakati huohuo, kuaibisha. Wazungumzaji waliounda neno hilo hawakutenganisha kuharibika kwa sura na kuvunjika kwa heshima. Methali isemayo kuwa uso umeumbwa na haya inaelekea hukohuko. Mtu hukutana na wenzake kwa uso, na aliyeumbuka uso hujificha.

Sheria ya nchi pia imeligusa jambo hili. Kanuni ya Adhabu, katika kufasili madhara makubwa ya mwili, inajumuisha jeraha linaloharibu sura kwa kudumu. Hivyo basi, mahakama hulihesabu umbo lililoharibiwa kuwa madhara makubwa yanapotendwa na mtu mwingine. Ni vigumu kueleza kwa nini madhara hayohayo yaitwe suala la urembo pale mwathirika anapotafuta kuyaondoa.

5.0 Vigezo vya Kupambanua

Mifuko ya bima ya afya kwa kawaida huuondoa upasuaji wa urembo katika mafao yake. Msimamo huo una mantiki: fedha za wanachama ni chache, na mwenye homa ya mapafu hawezi kupangwa nyuma ya anayetaka kidevu kirefu. Mtu anaweza kupinga hoja ya makala haya akisema kuwa, neno rekebishi likipanuliwa, kila mwenye kutamani sura mpya atalitumia kama mlango wa nyuma. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake ni kupima badala ya kutegemea jina la upasuaji.

Vigezo vinne vinaweza kutumika kwa pamoja. Cha kwanza ni chanzo: je, umbo la sasa limetokana na ajali, ugonjwa au kasoro ya kuzaliwa? Cha pili ni kazi: je, meno yanakutana, kinywa kinafunguka kufikia takribani milimita 35 au zaidi, macho yanaona kitu kimoja, na hewa inapita puani? Cha tatu ni ushahidi wa picha, yaani picha za mionzi au za CT zinazoonesha mfupa uliohama. Cha nne ni mfululizo wa tiba: je, upasuaji huu ungefanyika mapema kama mgonjwa angepata huduma kwa wakati? Jibu la kigezo hiki likiwa ndiyo, kucheleweshwa hakupaswi kuigeuza tiba kuwa anasa.

Anayetaka kubadili mfupa mzima usio na tatizo la kazi wala historia ya jeraha yupo upande mwingine wa mpaka. Hana kosa, bali ana wajibu tofauti. Anapaswa kujigharimia, kusubiri mpaka mifupa yake imalize kukua, kuelezwa hatari ya ganzi ya kudumu kwa lugha anayoielewa, na kujua ni nani atakayemhudumia akipata madhara, hasa kama atapasuliwa nje ya nchi na kurudi Dar es Salaam kabla ya kupona. Daktari naye ana wajibu wa kukataa pale anapoona kuwa kinachomsumbua mteja hakimo katika mfupa.

6.0 Hitimisho

Makala yamefafanua kuwa kukata na kusogeza mifupa ya uso ni kazi moja yenye makusudi tofauti, na kwamba historia ya kazi hiyo imeanzia kwenye majeraha na kasoro. Kwa wakazi wa Kinondoni na Temeke, wanaohitaji zaidi kufafanuliwa mpaka huu ni abiria na madereva wa bodaboda walioungwa kombo, pamoja na wagonjwa waliokatwa taya na kubaki bila taya jipya. Inapendekezwa kwamba fomu za rufaa na za bima zioneshe chanzo, kipimo cha kazi na tarehe ya jeraha la awali, badala ya kutaja jina la upasuaji peke yake. Aidha, kofia ngumu inayofunika uso mzima ipewe uzito katika elimu ya usalama barabarani, kwa kuwa gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ile ya kulikata upya taya lililounga vibaya.