Walima kwa Mwenye Kipato Kidogo: Kupika Nyumbani na Kutayarisha Chakula Mapema



AlhamduliLlaah, sifa zote njema ni za Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Swalah na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), aali zake na Swahaba zake. Ammaa ba'd:

Kila unapoingia Mfunguo Mosi maswali ya harusi huzidi. Mzazi mmoja ameuliza hivi: mwanawe wa kiume anaoa, yeye ni mvuvi, na kipato chake ni cha bahari, leo kipo kesho hakipo. Jamaa wanamwambia kwamba bila ya ukumbi na wapishi wa kukodi familia itaaibika, na wameshamuonesha pahala pa kukopa. Mama watoto anasema yeye na dada zake wanaweza kupika nyumbani, baadhi ya vitu wavitayarishe siku kadhaa kabla, na wageni wajipakulie wenyewe mezani. Je, walima ya namna hii inatosha? Na je, chakula kilichotayarishwa mapema hakina tatizo?

Tutajibu yote mawili, kwani la pili ni la dini pia, si la jikoni peke yake.

Hukmu ya walima na kiwango chake

Kwa Maulamaa walio wengi, na ndio wanaoutegemea wenzetu wa madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, walima ya ndoa ni Sunnah iliyotiliwa mkazo. Ama kuitikia mwaliko wake ni wajibu kwa aliyealikwa ikiwa hana udhuru. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alimuamrisha 'Abdur-Rahmaan bin 'Awf afanye walima japo kwa mbuzi au kondoo mmoja. Mwenye uwezo asipungukiwe na hapo, lakini asiye nao hakubebeshwa asichokiweza.

Ushahidi tunao katika nyumba ya Mtume mwenyewe. Imethibiti katika Al-Bukhaariy kwamba alimfanyia walima mmoja wa wakeze kwa mudi mbili tu za shayiri, na mudi moja ni kiasi cha kujaza viganja viwili vya mtu wa kawaida. Alipomuoa Bibi Swafiyyah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) njiani wakitokea Khaybar, Anas bin Maalik anasimulia kwamba hapakuwa na mkate wala nyama. Yalitandikwa mabusati ya ngozi, kila aliyekuwa na kitu akaja nacho, huyu tende, yule samli, mwengine maziwa makavu, vikachanganywa, na hiyo ndiyo ikawa walima.

Tuizingatie Hadiyth hii. Walima ya kiumbe bora kabisa ilichangiwa na wageni wenyewe, na hakuna aliyeiona ni aibu. Basi jirani akileta sahani ya sambusa, shangazi akaleta mikate ya ajemi, na mjomba akatoa kilo tano za mchele, huko ni kushirikiana katika kheri.

Ama kukopa kwa riba ili watu wasifu harusi, hilo ni haramu. Haiwezekani kuitekeleza Sunnah kwa kuingia katika dhambi kubwa. Hata deni lisilo na riba halifai kuchukuliwa kwa ajili ya fahari, ilhali anayeoa hajui atalilipa vipi. Ndoa ngapi zimeanza kwa shangwe ukumbini, na mwezi wa pili mdai yuko mlangoni!

Kutayarisha mapema si jambo geni

Sahl bin Sa'd anasimulia kwamba Abu Usayd As-Saa'idiy alipooa alimualika Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), na aliyehudumia ni bi harusi mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amezirowesha tende ndani ya chombo cha mawe, na Mtume alipomaliza kula akamnywesha kinywaji kile. Kwa hiyo kutayarisha usiku kwa ajili ya mgeni wa kesho kuna asili. Muhimu ni kujua kipi kinastahamili kukaa na kipi hakistahamili.

Mpango wa siku kwa siku

Kwa wageni 100, kadiria kilo moja ya mchele kwa watu wanane. Kilo 13 zitatosha, na nyama kilo 10 hadi 13. Hizi ni hesabu za nyumbani, kila mtu anajua walaji wake.

Wiki moja kabla: Tengenezeni vitu vikavu, kama visheti na vileja, mvitie kwenye makopo yanayofunga vizuri. Jira, mdalasini, hiliki, pilipili manga na karafuu vitwangwe na kufungwa. Mwenye friza afunge sambusa mbichi na afinyange katlesi, avigandishe juu ya sinia bila ya kugusana, kisha avitie mifukoni. Kima cha sambusa kipoe kwanza kabla ya kufungwa. Vitakaangwa siku ya harusi, si kabla. Pahala penye kukatikakatika umeme, msiitegemee friza kwa wiki nzima. Fungeni sambusa jana yake.

Siku mbili kabla: Thomu na tangawizi zisagwe na kuwekwa ndani ya friji. Vitunguu vya biriani vikaangwe mpaka vikauke, vichujwe mafuta, vipoe, ndipo vifunikwe. Nyama iliyoganda ihamishwe kutoka friza kwenda friji iyayuke humo, isiachwe juani wala ndani ya beseni la maji ya moto.

Siku moja kabla: Nyama ikatwe na kuungwa kwa thomu, tangawizi na mtindi, kisha ikae ndani ya friji au kasha lenye barafu ya kutosha. Mchele uchaguliwe. Ukwaju urowekwe, uchujwe na uwekwe baridini. Nyama mbichi iwe chini na vinavyoliwa bila ya kupikwa viwe juu, ili maji ya nyama yasividondokee. Kisu na ubao wa nyama visitumike kwa kachumbari mpaka vioshwe kwa sabuni.

Siku yenyewe: Wali, pilau, mchuzi wa nazi na kachumbari ni vya siku hiyo tu. Tui la nazi ndilo linaloharibika upesi kuliko vyote kwa joto letu, hivyo nazi zikunwe asubuhi ile ile.

Kosa lililonifika mimi mwenyewe

Ninalieleza hili kwa kuwa linanisuta hadi leo. Miaka mingi nyuma, katika harusi ya nyumbani kwetu, pilau ilipikwa baada ya 'Ishaa ili asubuhi watu wapumzike. Masufuria makubwa yakafunikwa, yakaachwa uani mpaka kulipokucha. Shangazi yangu alipofunua moja akasema ya chini ina harufu. Wengine wakasema ipashwe moto tu, haina neno. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma. Niliona haya kuwaambia wageni wasubiri, nikasema ipashwe. Usiku ule watu kadhaa walitapika na kuharisha, na mtoto wa jirani akalazwa siku mbili. Alipona, AlhamduliLlaah, nami nilizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi.

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. Mchele huwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukibaki vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, vijidudu huzaana na kuacha sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Sufuria kubwa ndiyo hatari zaidi, kwani juu hupoa na katikati hubaki na joto usiku kucha. Mchuzi wa nyama nao una vijidudu vyake vinavyopenda hali hiyo hiyo. Wala si lazima chakula kinuke ndipo kidhuru.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ni myepesi kushika:

1. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2 bila ya kutiwa baridini au kuwekwa juu ya moto.

2. Cha moto kibaki cha moto, zaidi ya nyuzi 60, yaani kinafuka moshi mpaka kinapakuliwa. Cha baridi kikae chini ya nyuzi 5.

3. Kinachopashwa kipashwe mpaka katikati kifike nyuzi 70 au zaidi. Mchuzi uchemke hasa.

4. Kinacholazimu kupozwa kigawanywe kwenye masinia mapana, kina kidogo, kipoe upesi na kuingia friji. Kisiachwe ndani ya sufuria kubwa.

5. Mikono ioshwe kwa sabuni, na mwenye kuharisha au kidonda mkononi apewe kazi nyengine.

Mezani msitoe chakula chote kwa pamoja. Toeni kidogo kidogo, sufuria ibaki jikoni juu ya makaa, na kila sinia likiisha liletwe jengine, badala ya kumwagia kipya juu ya kilichokaa. Wekeni mtu wa kupakua. Hupunguza mikono mingi ndani ya chakula na pia hupunguza israfu.

Hukmu ya chakula kilichoharibika

Chenye kudhuru ni haramu kuliwa, na kumlisha mgeni huku unajua ni dhulma. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliingiza mkono ndani ya lundo la chakula sokoni akakuta umajimaji chini, akamkemea muuzaji kwa kuuficha, na akajitenga na mwenye kughushi. Nikiisoma Hadiyth hiyo katika Muslim huikumbuka pilau yetu, juu nzuri na chini imeharibika. Kumwaga chakula kilichoharibika si israfu. Israfu ni ile iliyosababisha kiharibike.

Vile vile Hadiyth ya Jaabir imetuamrisha kufunika vyombo na kufunga viriba usiku. Basi kilichotayarishwa mapema kifunikwe na kitajiwe jina la Allaah.

Adabu zisizofaa kusahauliwa

Kwanza, masikini waalikwe. Katika Hadiyth ya Abu Hurayrah, chakula kibaya kabisa ni cha walima wanayoitiwa matajiri wakaachwa mafakiri.

Pili, Swalah ya wapishi. Mara nyingi Adhuhuri na Alasiri huwapita akina mama jikoni huku wanaume wametoka msikitini wanasubiri kula. Wapangiwe zamu, na wanaume wasione tabu kukuna nazi na kuosha masufuria.

Tatu, mabaki. Kilicho salama kigawiwe mapema kwa majirani na wagonjwa wa mtaani, kabla ya saa 2 hazijapita, si kesho yake kikiwa kimechacha.

Kwa muulizaji

Ndugu yangu, walima ya mkeo na dada zake inatosha, na in shaa Allaah ina baraka kuliko ya mkopo. Punguza idadi ya wageni kabla ya kupunguza usalama wa chakula. Pilau moja, kachumbari, sambusa na sharubati ya ukwaju ni walima kamili. Atakayekusema, mwambie kwa upole kwamba Mtume wetu alifanya walima kwa tende na samli. Na siku hiyo, mwanamke yeyote jikoni akisema sufuria hii ina harufu, msikilize. Usifanye nilivyofanya mimi.

Tunamuomba Allaah Awabarikie maharusi wetu, Awajumuishe katika kheri, na Atuepushe na madeni na fahari.

Wa Allaahu A'lam.