Ushanga wa chupa, au kwa nini tunapika kioo siku za Jumamosi



Wengi mmetuona Jumamosi nyuma ya jiko la shule, watu wanne tukizunguka mbabula, tukivukuta moto na kutoa jasho. Mama mmoja mpita njia alisimama akatuuliza: "Ninyi watoto, munapika nini?" Tukamjibu: "Chupa, mama." Akacheka sana. "Chupa! Na munaikulaka na nini, na sombe?" Hakujua kwamba sombe imo kweli. Tutafika huko.

Kwa kuwa maswali yamezidi, hata Bwana Prefe ametuuliza, tumeona heri kueleza kwa maandishi.

Tuanze na ushanga wenyewe. Huku kwetu mwambaoni watu wameuvaa tangu zamani, lakini ule wa kioo ulitoka mbali, hasa Murano, kisiwa kilicho karibu na mji wa Venisi katika Italia. Tanuru za kioo zilihamishiwa huko mwaka 1291. Wafanyakazi wawili walishika donge la kioo cha moto lenye hewa ndani, kila mmoja upande wake, wakaachana mbio. Donge likavutika likawa mrija mrefu mwembamba wenye tundu. Mrija ukikatwa vipande vidogo na kulainishwa kwa moto, ndio ushanga. Ulifika Unguja kwa jahazi na meli, ukabebwa vichwani hadi Ujiji, na kutoka Ujiji ukaja huku kwa mitumbwi.

Wakati ule ushanga ulikuwa feza. Stanley alipotoka Unguja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alinunua magunia 22 ya ushanga, na ilimpasa achague vizuri. Mweusi ulipokelewa Ugogo tu. Ule mkubwa kama yai la njiwa, uitwao sungomaji, ulikuwa na thamani Ujiji na Uguha, kwingine wakaukataa. Katika soko la Ujiji walitumia sofi, ushanga unaofanana na kipande cha mrija wa kiko kilichovunjika. Cameron alipita pale mwaka 1874 akaona watu wenye mifuko ya sofi: asubuhi waliwabadilishia wanunuzi, soko likiisha wakazirudisha kwa wauzaji, na faida wakapata mara mbili. Aliyewahi kubadilisha faranga pale Kavimvira anawajua watu hawa!

Lakini kuna ukurasa mmoja uliotunyamazisha. Burton alifika Uvira mwezi wa nne 1858, na aliandika kwamba hapa kwetu palikuwa gala kubwa la kaskazini la watumwa, pembe, nafaka, nguo za magome na vyombo vya chuma. Malipo yalikuwa nguo na ushanga. Basi mwenzetu mmoja, ambaye bibi yake alimwachia ushanga wa samisami, mwekundu nje na mweupe ndani, aliuvua siku ileile. Alituambia: "Sasa mimi ninavaa bei ya nani?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Wawili walitaka tuache kazi hii kabisa. Wengine tulisema hata majembe yaliuzwa katika gala lile, na hatujaacha kulima. Tulibishana mpaka kengele ya sala ya jioni.

Yeye akaenda kumwuliza mama yake. Mama akamwambia kwamba bibi aliununua kwa ndakala alizoanika mwenyewe kule Kalundu. Akaurudisha shingoni, ila baada ya wiki mbili. Na tangu hapo kazi yetu imekuwa na maana nyingine, kwa sababu tunataka punje ambayo tunajua imetoka wapi.

Sasa namna yenyewe. Hatukuibuni sisi, ni ya Wakrobo wa Ghana, ambao wana sifa kubwa kwa kazi hii.

Tunaokota chupa ufukoni, za kijani na za kahawia. (Ndiyo, nyingi ni za bia. Tumezikuta tupu, walimu msiwe na wasiwasi.) Tunaziosha, tunafunga katika gunia zito na kuzivunja kwa nyundo. Kisha tunatwanga vipande ndani ya chuma kizito, vikiwa vimelowa maji ili vumbi lisiruke, maana vumbi la kioo ni baya kwa mapafu. Miwani machoni, kitambaa puani. Usitumie hata siku moja kinu cha nyumbani! Kipande kimoja kikibaki humo, kitaingia tumboni mwa mtu. Unga ukikauka tunauchunga kwa kitambaa chepesi. Rangi hatuchanganyi, kwa kuwa kioo cha chupa moja na cha nyingine huenda visinywee sawasawa vikipoa, na punje ikapasuka.

Kalibu tunaifinyanga kwa udongo wa vyungu: sahani nene yenye mashimo madogo. Ikauke polepole kivulini, ndipo ichomwe. Ndani ya kila shimo tunapaka udongo mweupe uliokorogwa na maji, kioo kisishikamane.

Na hapa ndipo sombe inapoingia. Katikati ya shimo tunasimamisha kijiti cha jani la muhogo, kile ambacho wasichana hukitupa wakichambua sombe, kisha tunamimina unga wa kioo kukizunguka. Katika moto kijiti kinaungua kuwa majivu, na mahali pake panabaki tundu la kupitisha uzi. Mwalimu wa fizikia alipoona hivyo alitikisa kichwa akasema tu: "Werevu."

Moto unatakiwa ufike kati ya digrii 800 na 900. Kipimo hatuna, tunatazama rangi: kalibu ikiwa ya machungwa, unga kwanza unashikana kama sukari iliyolowa, halafu unaanza kung'aa. Makala peke yake hayatoshi bila mivukuto, nayo tumeazima kwa mhunzi. Tundu likiwa limeziba, tunalitoboa kwa sindano ndefu ya chuma punje ingali laini.

Kosa letu kubwa lilikuwa haraka. Mara ya kwanza tulitoa punje tisa, nzuri ajabu, tukaziweka juu ya jiwe ili kila mtu aone. Pa! Pa! Zote zilipasuka kama bisi, na kipande kimoja kikamkata mwenzetu mkononi. Sababu ni hii: nje hupoa na kugandamana mbele ya ndani, na ndani ikitaka kunywea baadaye inakuta nje imekwisha kuwa ngumu, basi pande mbili zinavutana mpaka kioo kinashindwa. Siku hizi tunafukia kalibu yote katika majivu ya moto na kwenda kulala. Jumapili baada ya ibada ndipo tunafukua.

Jumamosi iliyopita kalibu ilikuwa na mashimo 20, na punje 14 zilitoka nzima. Si za duara kamili. Moja inafanana na jino. Tunazisugua juu ya jiwe lenye maji, kisha tunazitunga kwa nailo ya wavuvi, ambayo haiozi kwa jasho. Yule mwenzetu ametia moja ya kijani katikati ya samisami ya bibi yake. Tazameni Jumatatu kwenye mstari.

Anayetaka kujifunza aje Jumamosi baada ya usafi, mwenye viatu vya kufunika vidole, si kandambili. Na ninyi wa zamu ya jiko, tafadhali: vijiti vya sombe msitupe, tuwekeeni katika ndoo karibu na mlango.