Mtu wa Wembe na Mkanda: Frankie Knuckles na Kuzaliwa kwa House (Sehemu ya Pili)

Kazi iliyomjengea Frankie Knuckles jina ilipelekwa kwanza kwa mtu mwingine, na mtu huyo akaikataa. Mwaka 1977 Robert Williams, mtu wa New York aliyehamia Chicago, alikuwa anatafuta DJ wa klabu yake mpya, The Warehouse, iliyokuwa katika jengo la zamani la viwanda namba 206 South Jefferson Street. Aliyemtaka ni Larry Levan. Levan hakuona sababu ya kuondoka New York, ambako mradi wa klabu ya Paradise Garage ulikuwa unamngoja. Jina lililofuata likawa la rafiki yake wa tangu ujana, na Knuckles, kijana wa miaka 22, akafungasha santuri zake akaenda.

Katika sehemu ya kwanza tuliziacha kumbi za New York zikiwaka moto wa disko. Leo namfuata mtu huyu mmoja tu, kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo vijana wanaoitamani kazi ya DJ huanza nalo vibaya. Huuliza: ninunue mashine gani? Knuckles alikuwa na miaka zaidi ya kumi katika kazi hii kabla mashine anazokumbukwa nazo hazijamfikia. Alichokuwa nacho ni ukumbi mmoja, watu walewale kila Jumamosi, na baadaye uhaba wa santuri za kuwapigia. Kwa maoni yangu, uhaba huo ulimfundisha kuliko kitu kingine chochote.

Alizaliwa Bronx tarehe 18 Januari 1955. Alisomea usanifu wa vitambaa katika Fashion Institute of Technology, na usiku yeye na Levan walikuwa wakizunguka kumbi za dansi. Kazi yao ya mwanzo katika The Gallery, klabu ya DJ Nicky Siano, haikuwa ya kugusa santuri hata kidogo: walipuliza maputo, wakapamba ukumbi, wakahudumia wageni. Hata hivyo walikuwa wanasikiliza. Walimwona Siano akiwapandisha watu, akiwapumzisha, kisha akiwapandisha tena. Baadaye wote wawili walipata nafasi ya kupiga muziki katika ukumbi wa Continental Baths, na Levan alipoondoka, Knuckles akabaki hapo mpaka pakafungwa mwaka 1976. Hayo ndiyo mafunzo aliyopata. Hakuna cheti chake.

Wateja wa The Warehouse wengi wao walikuwa Wamarekani weusi na Walatino, na wengi wao walikuwa wapenzi wa jinsia moja, watu waliofungiwa milango mara mbili katika kumbi nyingine za mji: kwa rangi yao na kwa maisha yao. Hapakuuzwa pombe, maji ya matunda tu, na ngoma ilianza Jumamosi usiku ikaendelea mpaka Jumapili watu wengine wakitoka kanisani. DJ mmoja, saa zote hizo. Hali hiyo haimruhusu mtu kujificha nyuma ya nyimbo kumi anazozijua kila mtu. Knuckles alipenda kuzima taa ukumbi mzima na kuachia sauti ya treni iende kwa kasi kutoka spika za upande mmoja hadi za upande wa pili, mpaka watu wakahisi inawapitia miguuni.

Mambo yakageuka tarehe 12 Julai 1979. Mtangazaji wa redio Steve Dahl, aliyeichukia disko, aliandaa tukio katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, hapohapo Chicago: aliyekuja na santuri ya disko aliingia kwa senti 98, na katikati ya michezo miwili ya siku hiyo santuri hizo zikalipuliwa uwanjani. Maelfu ya watazamaji wakavamia uwanja, na mchezo wa pili ukashindikana kuchezwa. Kijana mmoja mweusi, Vince Lawrence, alikuwa anafanya kazi ya kuwaonyesha watu viti vyao. Amesimulia mara nyingi kwamba santuri nyingi zilizoletwa hazikuwa za disko, bali za wanamuziki weusi wa kila aina. Mshahara wa kazi hiyo alikuwa akiuweka akiba ili anunue kinanda cha umeme. Mwaka 1984 alishirikiana na Jesse Saunders kutoa “On and On”, ambayo wengi huihesabu kuwa santuri ya kwanza ya house. Historia ina kejeli zake, na sijui nyingine inayoishinda hii.

Makampuni makubwa yakaanza kuikimbia disko. Kwa DJ wa redio hilo halikuwa tatizo, angepiga kitu kingine. Lakini Knuckles alikuwa na ukumbi wa watu waliotaka muziki uleule, na bidhaa mpya zilikuwa zinapungua. Akafanya anachofanya fundi asiye na kitambaa kipya: akafumua cha zamani. Kwa msaada wa rafiki yake Erasmo Rivera, aliyekuwa anasomea ufundi wa sauti, alianza kukata na kuunga upya nyimbo kwenye mkanda wa sumaku.

Ufundi huo unastahili kuelezwa, maana siku hizi kompyuta inaufanya kwa kubofya mara mbili na hakuna anayejiuliza umetoka wapi. Chukua mkanda unaokwenda inchi 15 kwa sekunde, yaani sentimita 38. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika hutoa pigo moja kila nusu sekunde, hivyo pigo moja ni sentimita 19 za mkanda, na mapigo manne ni sentimita 76. Muda umekuwa kitu cha kupimwa kwa rula. Fundi anauzungusha mkanda kwa mkono taratibu mbele ya kichwa cha kusomea mpaka asikie ngoma inapoanza, anaweka alama ya kalamu, anaukata mshazari kwa wembe, kisha anaunganisha vipande kwa utepe wa gundi. Ukikosea hata nusu sentimita, wachezaji watajikwaa, ingawa hakuna atakayeweza kukuambia kwa nini.

Kwa njia hiyo sehemu tamu ya wimbo, ile ya ngoma na besi peke yake inayodumu sekunde chache, ilirudiwa hata ikawa dakika kadhaa. Sauti ya mwimbaji ikacheleweshwa. Wimbo waliouzoea watu ukaja ukiwa mgeni. “Let No Man Put Asunder” wa kundi la First Choice ulipitia mikononi mwake hivyo, na mwaka 1983 kampuni ya Salsoul ikatoa rasmi toleo alilolitengeneza. Wanaomwita mpigaji wa nyimbo za wengine waanzie hapo.

Mwishoni mwa 1982, kiingilio cha The Warehouse kilipoongezwa maradufu, Knuckles aliondoka akafungua klabu yake, Power Plant. Jina la nyumba ya kwanza lilikuwa limeshawafuata watu mitaani: maduka ya santuri ya Chicago yalikuwa yakiulizwa muziki wa kule Warehouse, na mwisho wake ukaitwa house.

Ni katika kipindi hiki ndipo mashine inaingia. Derrick May, kijana wa Detroit aliyekuwa mmoja wa waasisi wa tekno, alimuuzia Knuckles mashine ya ngoma ya Roland TR-909. Roland ilikuwa imeitengeneza kwa ajili ya wanamuziki wasio na mpiga ngoma. Haikununuliwa sana, ikaacha kutengenezwa baada ya muda mfupi, na ndiyo maana zilizotumika ziliuzwa rahisi kwa vijana. Knuckles hakuitumia kutunga wimbo mara moja. Aliiunganisha na mitambo ya klabu, akaifanya ipige chini ya santuri za zamani ili ngoma kubwa isikike katika kila pigo bila kutetereka, na aitumie kama daraja kati ya wimbo na wimbo. Mfumo huo ndio uti wa mgongo wa house hadi leo: ngoma kubwa katika kila pigo, makofi katika la pili na la nne, matoazi katikati ya pigo na pigo. Aliyeujua mkanda kwa sentimita hakuhitaji kufundishwa namna ya kuiamrisha mashine inayogawa muda katika vipande vilivyo sawa.

Siku moja akaletewa kaseti ya kijana Jamie Principle. Ndani yake mlikuwa na “Your Love”. Knuckles aliipiga Power Plant kwa muda mrefu kabla haijatolewa dukani, na watu waliijua kwa moyo ingali mkanda tu. Mwaka 1987 Trax Records ikaitoa kama santuri, na jina lililoonekana mbele likawa la Knuckles. Hapa ndipo hadithi inapochacha. Trax, kampuni ya Larry Sherman, mwenye kiwanda cha kukandamiza santuri, ilijulikana kwa mambo mawili: kuyeyusha santuri kuukuu ili kuchapa mpya, zikatoka na mikwaruzo, na malalamiko ya wasanii kwamba hawakulipwa. Vijana wengi waliachia haki zao kwa fedha kidogo bila kusoma walichotia saini. Mwaka 2020 Larry Heard na Robert Owens, wenzake Knuckles wa zama zile, waliipeleka kampuni hiyo mahakamani, na mwaka 2022 wakarudishiwa haki za nyimbo zao. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita. Msanii wa Dar es Salaam au Mombasa anayemkabidhi “meneja” wimbo kwa ahadi ya mdomo ajisomee mwenyewe.

Wakati huohuo Uingereza ilikuwa imeshaupokea muziki huu kuliko Marekani yenyewe. Januari 1987 “Jack Your Body” wa Steve “Silk” Hurley wa Chicago ulishika nafasi ya kwanza kule. Knuckles alirudi New York, akafanya kazi na DJ David Morales chini ya Judy Weinstein katika kampuni ya Def Mix, na akawa mtu wa kupelekewa nyimbo za wakubwa azitengeneze upya kwa ajili ya dansi: Michael Jackson, Toni Braxton na wengine. Mwaka 1991 akatoa “The Whistle Song”, wimbo wake mwenyewe, mpole, usio na haraka. Grammy ilipoanzisha tuzo ya mtengenezaji bora wa remiksi mwaka 1998, ya kwanza ilikwenda kwake. Alikuwa na miaka 43.

Agosti 2004 Chicago iliipa sehemu ya Jefferson Street jina lake, kwa msaada wa seneta wa jimbo aliyeitwa Barack Obama. Katika miaka hiyo kisukari kikaanza kumla. Mwaka 2008 akakatwa mguu, na bado akarudi kusimama nyuma ya mashine usiku mzima katika miji ya mbali. Alifariki Chicago tarehe 31 Machi 2014, akiwa na miaka 59. Santuri zake zimehifadhiwa Stony Island Arts Bank, benki ya zamani aliyoifufua msanii Theaster Gates kusini mwa mji huo, na mwaka 2023 jengo la The Warehouse likatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya Chicago, lisije likabomolewa.

Msomaji anayesikia amapiano ikivuma Sinza au Westlands asidhani nimempeleka mbali bure. Santuri za house ziliingia Afrika Kusini, vijana wa vitongoji wakazipunguza mwendo na kuzitia lugha zao, ikapatikana kwaito, na amapiano imezaliwa katika ukoo huohuo. Ngoma ilipungua kasi, besi ikachukua uongozi, lakini ule uvumilivu wa kuiacha sehemu moja ijirudie mpaka mwili uikubali ni wa Jefferson Street.

Wiki ijayo ni zamu ya Ron Hardy, ambaye Robert Williams alimchukua Knuckles alipoondoka. Yeye alipiga mikanda kwa kasi zaidi, mingine kinyumenyume, na siku moja alipiga wimbo ambao ulimfukuza kila mtu ukumbini. Aliurudia usiku uleule mpaka wakaupenda.