Usimuulize beki amefunga mabao mangapi

"MWALIMU, tangu huyu binti aanze kucheza huo mpira wenu, amefunga mabao mangapi?"

Swali hilo niliulizwa na mzee mmoja mvuvi, tukiwa tumeketi chini ya mwembe nyumbani kwake hapa Lunyo, wilaya ya Busia upande wa Uganda. Nilikuwa nimekwenda kumweleza kwamba shule moja ya bweni ilikuwa tayari kumpunguzia bintiye nusu ya karo, mradi aichezee timu yake ya soka. Binti yuko kidato cha tatu. Mzee naye alikuwa amekwisha amua aache masomo, akamsaidie mama yake kuuza dagaa mjini Busia.

Nilimjibu ukweli. "Hajafunga hata moja, Mzee."

Alitikisa kichwa. "Sasa hao watu watamlipia karo kwa lipi?"

Kwa msomaji asiyeijua, Lunyo iko kusini mwa mji wa Busia, ukishuka kuelekea Majanji kwenye Ziwa Victoria. Ni nchi ya Wasamia, na ndugu zetu wengine wako ng'ambo ya mto Sio, huko Funyula na Sio Port nchini Kenya. Mimi mwenyewe nilivushwa mpaka nikiwa na umri wa miaka saba, mwaka wa 1987, vita vya waasi vilipoikumba mashariki ya Uganda. Nilisomea Kenya hadi chuo cha ualimu, na niliporudi nilirudi na Kiswahili ambacho leo ndicho kinachonipa mkate. Katika shule zote za ugenini nilizopitia, uwanja wa soka ulikuwa mali ya wavulana. Sisi wasichana tulipewa mpira wa pete, tukashukuru.

Basi nilipoombwa kuisimamia timu ya wasichana, sikujua tofauti kati ya beki na kiungo. Ilinibidi nijifunze kwanza. Na huyu binti ndiye aliyenifunza zaidi.

Yeye ni beki wa kati. Kazi yake ni kuusoma mchezo, kuwapanga wenzake katika mstari mmoja, na kujua wakati wa kupanda ili mshambulizi aotee na wakati wa kurudi nyuma na kusubiri. Beki hodari ni nadra kumwona akijitupa chini, kwa sababu alikwisha fika mahali pale kabla ya hatari. Ndiyo maana mtazamaji humsahau. Akikosea mara moja, hata hivyo, kijiji kizima kitamkumbuka mwaka mzima.

Nilimsimulia mzee habari za Dorcas Shikobe. Huyu ni beki wa Kenya aliyechezea Oserian, klabu iliyobeba jina la kampuni ya maua ya Naivasha, na ndiye aliyekuwa nahodha wa Harambee Starlets walipotwaa ubingwa wa CECAFA jijini Dar es Salaam mnamo Novemba 2019. Katika fainali waliwalaza wenyeji Tanzania Bara 2-0. Mabao yote mawili yalitiwa kimiani na Jentrix Shikangwa, na ni jina la Shikangwa lililoimbwa siku ile. Lilistahili kuimbwa.

Lakini tazama upande wa pili wa hesabu. Katika mashindano yale yote Kenya haikufungwa hata bao moja. Ikumbukwe kwamba miaka mitatu kabla, Kenya iliposhiriki Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake kwa mara ya kwanza, nchini Cameroon mwaka wa 2016, ilipoteza mechi zote tatu. Ghana iliipiga 3-1, Mali 3-1, Nigeria 4-0. Hayo ni mabao kumi. Kweli, CECAFA si Nigeria. Hata hivyo, sufuri ile ya Dar es Salaam haikuokotwa njiani. Ilijengwa na watu wa nyuma ambao wachache wetu tunaweza kuwataja.

Baadaye Shikobe alivuka bahari akachezee Lakatamia ya Cyprus, klabu ambayo beki mwenzake wa Starlets, Ruth Ingosi, pia aliichezea. Na ili mzee asidhani kwamba hayo ni ya Wakenya tu, nilimtajia Jean Sseninde, beki wa timu yetu ya taifa, Crested Cranes, aliyechezea Crystal Palace na Queens Park Rangers za Uingereza. Sseninde hakuisahau Uganda. Alianzisha wakfu unaobeba jina lake, akaandaa mashindano ya soka kwa wasichana wa nyumbani.

Mzee alisikiliza kimya. Kisha akauliza swali la mzazi. "Na hayo maisha ya mpira hudumu miaka mingapi?"

Hapo sikutaka kumdanganya. Ni miaka michache, na si yote iliyo mikononi mwa mchezaji. Sisi wa mpakani tulishuhudia hayo mwaka wa 2022. Kenya na Uganda zilitarajiwa kukutana kuwania tiketi ya kwenda Morocco kwa Kombe la Afrika. Serikali ya Kenya ilikuwa imevunja shirikisho la soka Novemba 2021, na kutokana na mgogoro huo timu ya Kenya ikajiondoa. Mwezi huohuo wa Februari FIFA ikaisimamisha Kenya, na marufuku hayo yaliondolewa Novemba. Uganda ilipita bila mpira kupigwa. Huku Lunyo tulishangilia, lakini si kwa sauti kubwa, maana ng'ambo ya Sio kulikuwa na binti za shangazi zetu waliokosa hata nafasi ya kushindwa.

Kenya ilifuzu tena Oktoba 2025, ilipoiondoa Gambia. Piga hesabu. Beki aliyekuwa na miaka 22 kule Cameroon ametimiza 31 kabla ya taifa lake kufuzu tena.

Kwa hivyo nilimwambia mzee kwamba sikuja kumwomba bintiye awe tajiri wa Ulaya. Wengi hawafiki huko, na katika ligi zetu za wanawake wachezaji wengi hulazimika kutafuta riziki nyingine. Nilikuja kumwombea miaka mitatu ya darasa, ambayo mpira ungegharamia nusu. Akivunjika mguu, cheti chake hakitavunjika.

"Lakini hafungi mabao," alirudia.

"Mzee," nikasema, "kwako wewe wavu mtupu ni hasara. Kwa beki, wavu mtupu ndio samaki wake."

Hakucheka, wala hakukubali. Alisema atakuja kujionea.

Alikuja Jumamosi, akasimama peke yake nyuma ya lango letu la miti ya mkalitusi, mahali ambapo watazamaji hawasimami. Alikaa pale hadi kipenga cha mwisho. Tulitoka sare tasa, na vijana walikuwa wakiondoka wakilalamika kwamba mchezo haukuwa na ladha. Mzee alinijia na swali moja tu: sanduku la bweni linauzwa kiasi gani mjini Busia?

Binti alienda. Nusu ya pili ya karo bado hutusumbua kila muhula, na huenda muhula mmoja ikatushinda. Lakini yumo darasani.

Nawe mzazi unayesoma haya, iwe uko Busia, Tororo au Naivasha, jioni binti yako akirudi na vumbi miguuni, usimuulize amefunga mangapi. Muulize wamefungwa mangapi, na umsikilize akikueleza ni kwa nini.