Kabla ya kumtafuta daktari wa mifupa
Kila msimu wa mvua swali hili hunijia, kutoka Mabanga na Kanduyi hadi Kiminini karibu na Kitale: "Mtoto analalamika mifupa, nimpeleke kwa daktari gani wa mifupa?" Jibu langu huwaudhi wengi. Pengine si wa mifupa hata kidogo.

Chukua mtoto wa miezi minane aliyevimba vidole vya mikono yote miwili na nyayo, hataki kuguswa. Jirani atasema ameteguka, au ana jicho baya, au baridi imemwingia. Mchuaji atamkanda kwa mafuta na maji moto, na kilio kitazidi. Katika Bungoma na eneo zima la magharibi, jambo la kwanza kufikiria hapo ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu.

Hemoglobini ya selimundu haina neno ikiwa imebeba oksijeni. Ikishaiachilia, molekuli zake hushikana zikawa nyuzi ndefu, ngumu, na nyuzi hizo huipinda seli nyekundu. Ikiwahi kufika mapafuni hunyooka. Ikichelewa njiani hukwama. Na damu hujikokota mno ndani ya uboho, ambao wenyewe hula oksijeni nyingi ukitengeneza damu mpya. Njia zikizibwa, kipande cha mfupa hufa. Kwa mtoto mchanga, vidole bado vina uboho unaofanya kazi, ndiyo maana huanza kuvimba hivyo. Akikua, maumivu huhamia miguuni, mgongoni na kwenye nyonga.

Mbona huku kwetu? Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi akakuta jeni ya selimundu imezagaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni nadra nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: nakala moja ya jeni humkinga mtu na malaria. Nakala mbili ndizo selimundu. Kitale iko juu, lakini familia zilizohamia huko zilihama na damu yao.

Baridi nayo ina hatia kidogo: hubana mishipa, damu ikazidi kukawia. Ni kichocheo tu, wala haitolewi kwa kuchuliwa. Na anayenadi sokoni kwa kipaza sauti kwamba poda moja inatibu kuvunjika, jongo na selimundu hajui hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Sasa, nani aende wapi? Aliyeanguka na bodaboda: daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa, siku hiyohiyo, asifungwe vijiti vya kubana mguu hadi uoze. Magoti ya mzee yanayouma akitembea: tabibu na mtaalamu wa fiziotherapia kwanza. Mikono inayokakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya saa moja: daktari bingwa wa baridi yabisi. Hao ni wachache na wengi wako Nairobi, kwa hiyo anza na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa ya Bungoma, Kitale au Moi, Eldoret.

Mtoto mwenye maumivu yanayorudirudi: daktari wa watoto, na kipimo cha hemoglobini. Akikutwa na selimundu, ipo dawa ya haidroksiyurea, hupunguza mashambulizi ya maumivu. Nyonga ikiharibika, ndipo daktari wa mifupa aitwe. Maumivu yakija na homa, usingoje kupambazuke. Huenda bakteria wameingia mfupani.

Jina la daktari yeyote wa haki limo kwenye sajili ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya. Lisipokuwemo, ondoka na pesa zako.