Simu, Wimbo na Mtoto: Tuliyoyaona Dzaleka na Lilongwe

Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyewahi kufundisha watoto wadogo anaijua kazi ya wimbo darasani. Wimbo humpa mtoto upatanisho wa ngeli kabla hajasikia kwamba kuna kitu kinachoitwa ngeli. Humfundisha mahali pa kuweka mkazo, mahali pa kuvuta pumzi, na namna ya kumjibu mwenzake. Kwa hiyo, namna watoto wanavyofundishwa muziki inapobadilika, walimu wa lugha nao huguswa, hata wale wasiojua kusoma nota. Katika makala haya tunaeleza mabadiliko yaliyoletwa na simu na kompyuta katika ufundishaji wa muziki kwa watoto wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na wa jiji la Lilongwe, nchini Malawi. Tutaeleza pia kosa moja ambalo tulilifanya wenyewe.

Dzaleka iko wilayani Dowa, kilomita 40 na ushei kaskazini mwa Lilongwe. Zamani palikuwa gereza, na wengi waliofungwa humo enzi za Rais Kamuzu Banda walikuwa wafungwa wa kisiasa. Wanafunzi wetu wa isimu watapendezwa na jina lenyewe: kuleka kwa Kichewa ni kuacha, na -dza- ni kiambishi cha wakati ujao. Aliyeingia humo alitarajiwa kusema kwamba ataacha. Tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, lakini sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Sokoni, kanisani na kwenye foleni ya maji, lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Redio ya kijamii ya hapo, Yetu, hutumia Kiswahili pamoja na lugha nyingine za kambini. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi wa Kikongo Menes La Plume, huwavuta Wamalawi kutoka Lilongwe waje kusikiliza muziki ndani ya kambi.

Kabla ya simu, mtoto wa Dzaleka alijifunza muziki kwa njia tatu. Alijifunza kwa mama, mgongoni. Alijifunza kwa ngoma, hasa mtoto wa Kirundi, ambaye husimama nyuma ya wakubwa akigonga kopo mpaka siku anayopewa fimbo mbili. Na alijifunza kwenye kwaya, kwa solfa. Mfumo huu wa do-re-mi za herufi uliendelezwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover na John Curwen, nao wamisionari wakausambaza Afrika. Solfa haidai kinanda. Inadai ubao, chaki, na mwalimu mwenye sikio. Mtoto haachiwi kukaa kimya, kwa kuwa noti isiyoimbwa haipo.

Simu imeleta njia ya nne, na kasi yake si ya kawaida. Wimbo uliotoka Dar es Salaam au Bukavu leo asubuhi unaweza kuwa kambini kabla ya jioni. Mmoja akishanunua kifurushi cha intaneti na kuupakua, wengine huupata bure kwa Bluetooth au kwa kadi ya kumbukumbu inayohama simu hadi simu. Vijana wenye kompyuta ya mkononi hutengeneza midundo kwa programu kama FL Studio, ileile iliyosaidia kuzaa studio nyingi za Bongo Fleva. Lilongwe mambo yamepangika zaidi kidogo. Huko kuna chuo cha Music Crossroads kinachofundisha vijana ala na nadharia, na makanisa mengi yana vinanda vya umeme ambavyo watoto huvigusa baada ya ibada. Baadhi ya familia za wakimbizi zilizokuwa zikifanya biashara jijini ziliyafaidi hayo. Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na kufikia Mei utekelezaji ulikuwa umeanza. Mtoto mmoja tuliyezungumza naye alikuwa ameshajifunza kinanda kwa mkono wa kulia tu alipohama. Sasa anajifunza mkono wa kushoto kwenye kioo cha simu ya kaka yake, kwa vidole viwili, kwa sababu vitano havienei.

Tueleze sasa jambo linalotuhusu moja kwa moja. Programu ya kutengeneza muziki huanza kwa kukata muda katika vijisanduku vilivyo sawa. Kwa kawaida vinne hufanya pigo moja au mawili, na cha kwanza ndicho chenye nguvu. Mtoto anayetunga hupanga silabi moja katika kila kijisanduku, maana ndivyo inavyoonekana kwenye kioo. Chukua neno barabara. Likimaanisha njia ya magari, mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: barabára. Likimaanisha sawasawa, mkazo husogea nyuma: barábara. Sasa mtoto aanzishe neno hilo kwenye kijisanduku cha mwisho, ili ba ya kwanza itangulie na ra ya pili iangukie pigo zito. Tayari njia ya magari imegeuka kuwa sawasawa. Mwimbaji anayeimba mbele ya watu hurekebisha bila kujua: huvuta silabi au huchelewesha pigo kidogo. Kijisanduku hakivutiki mpaka mtu aamue kukivuta.

Kwa Kirundi, Kinyarwanda na Kichewa tatizo ni kubwa zaidi, kwani hizo ni lugha za toni, na mbili za kwanza hutofautisha pia irabu fupi na ndefu. Kwa Kinyarwanda neno umuryango huandikwa namna moja, lakini likitamkwa kwa namna moja ni familia na kwa nyingine ni mlango. Silabi zikigawiwa muda ulio sawa, mtoto huimba juu ya familia yake na bibi yake anasikia habari za mlango. Kisha huja programu za kunyoosha sauti, ambazo mama yao ni Auto-Tune ya mwaka 1997. Kila sauti husukumwa kwenye ngazi iliyo karibu kati ya ngazi 12 zilizo sawa za kinanda. Hatusemi zitupwe. Tunasema mwalimu wa lugha awepo chumbani zinapotumika.

Ngoma nazo zina kisa chao. Ngoma ya kifalme ya Burundi, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ina sauti nzito ya katikati ya ngozi na sauti kavu ya fimbo kwenye ukingo. Spika ya simu, kwa udogo wake, haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito. Mtoto husikia zaidi ile kavu. Tukaona watoto waliojifunza kwa video wakipiga ukingo kwa ustadi mkubwa na katikati kwa woga. Ujumbe wa sauti ndio mbaya zaidi, kwa sababu simu imeundwa kuchuja kelele ili maneno yasikike, na kwa simu ngoma ni kelele. Dawa yake ni rahisi: spika kubwa ya kanisani, au vipokea sauti vya masikioni. Dawa iliyo bora zaidi ni mzee mmoja na ngoma moja.

Jambo jingine linalowashangaza walimu ni kuchelewa kwa sauti. Shule za Malawi zilipofungwa tarehe 23 Machi 2020 kwa sababu ya Korona, mwalimu mmoja wa kwaya ya watoto huko Lilongwe alijaribu kuendesha mazoezi kwa simu. Kiongozi aliimba, waitikiaji wakaitikia, na kila mmoja akadhani mwenzake amelala. Sauti hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo waimbaji walioachana kwa mita 10 husikiana baada ya sehemu 30 hivi za elfu za sekunde. Wakiachana zaidi ya hapo, mdundo huanza kuburuta. Mtandao wa simu huchelewa mara kadhaa kuliko hivyo. Kwa maana hiyo, kuitikiana, ambako ndiko uti wa mgongo wa nyimbo zetu, hakuwezekani kwa simu ya moja kwa moja. Mwalimu yule aliishia kurekodi sauti ya kiongozi peke yake, akiacha nafasi tupu za viitikio, na watoto wakazijaza nyumbani. Sisi tumeiiga mbinu hiyo katika mazoezi ya matamshi na inafanya kazi vizuri.

Wasomaji watauliza kama serikali na mashirika hayajaliona hili. Vifaa wameviona; muziki, kwa kiasi kidogo. Katika shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 mkoani Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo kwa Kiswahili. Mwaka 2019 tuzo iligawiwa washindi wawili, mmojawapo shirika la onebillion, ambalo programu zake zilikuwa zimeshatumika katika shule za Malawi, zikiwamo za Lilongwe, kwa Kichewa. Kilichopimwa kilikuwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuimba hakukupimwa, na kisichopimwa aghalabu hakitengewi fungu. Afadhali kidogo wenzetu wa Ubongo wa Dar es Salaam, ambao vipindi vyao vya katuni, vilivyoanza kurushwa mwaka 2014, hufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo za Kiswahili.

Na hapo ndipo lilipo kosa letu. Agosti 2019 Jumuiya ya SADC ilikikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, na katika idara kama zetu yakawa mazungumzo ya kupeleka Kiswahili kusini. Nasi tulipokwenda Dzaleka mara ya kwanza tulibeba kadi za kumbukumbu zenye nyimbo za watoto za Kiswahili sanifu: za namba, za rangi, za wanyama, zote zimerekodiwa studio, safi kabisa. Watoto wa chekechea tuliyoitembelea walizishika kwa siku mbili. Tulifurahi, tukaandika ripoti nzuri.

Tuliporudi baada ya miezi kadhaa, mama anayefundisha pale, mwenyeji wa mashariki mwa Kongo, alitupokea vizuri, akatupa viti, kisha akasema: "Mwalimu, batoto habataki tena wimbo yangu. Banasema ile ya simu njo ya kweli."

Tulinyamaza. Watoto walikuwa wameanza kumcheka mwenzao aliyeimba batoto badala ya watoto, na bamama badala ya akina mama. Yule mama alikuwa na nyimbo za kubembeleza na za michezo ambazo hazimo katika diwani yoyote tunayoifahamu, na sisi, watu tunaofundisha kozi nzima ya fasihi simulizi, tulikuwa tumezinyamazisha kwa kadi ndogo kama ukucha. Simu haikuwa na kosa. Tulikuwa tumewapa watoto kitufe cha kucheza, tukakisahau kile chekundu cha kurekodi.

Safari ile tulibadili kazi. Tuliwaomba watoto wakubwa kidogo, wa miaka 9 hadi 12, wachukue simu mbili tulizokuwa nazo, kila siku wawili wawili, wakamrekodi mtu mzima nyumbani akiimba wimbo aliojifunza utotoni. Kesho yake darasa lilisikiliza, likaimba, kisha likaulizwa maswali: neno hili kwenu mnasemaje, nani anaitikia, mikono inafanya nini. Mambo mawili yalitokea ambayo hatukuyapanga. La kwanza, watoto walianza kujisikiliza. Mtoto akirekodiwa akaisikia sauti yake, hujisahihisha bila kuambiwa, nusu ya kazi ya mwalimu ikawa imekwisha. La pili, batoto na watoto vilikaa ubaoni pamoja, kama maneno mawili ya watu wawili, na kicheko kikahamia kwetu pale tuliposhindwa kutamka maneno ya Kifuliiru.

Kazi hiyo ina gharama. Betri huisha, na kuchaji kwenye kibanda chenye umeme wa jua hulipiwa. Kadi hujaa. Kurekodi penye mabati wakati wa mvua ni kujisumbua. Ruhusa nayo tulijifunza kuiomba mara mbili, kwanza ya kurekodi, halafu, baada ya mwimbaji kujisikia mwenyewe, ya kuondoka na alichokiimba. Bibi mmoja wa Kirundi alikubali ya kwanza. Aliposikia sauti yake ikitoka kwenye simu aliinamisha kichwa, akaomba wimbo uchezwe tena, kisha akasema huo ni wa mtoto wake na hautoki humu ndani. Mjukuu wake aliyerekodi akaufuta mbele yake.

Nyimbo nyingine 26 tuliruhusiwa kuondoka nazo, na zimo katika kadi iliyopo idarani pamoja na maelezo ya nani anaitikia wapi. Walimu watakaozihitaji kwa masomo ya lahaja au fasihi simulizi waje na vipokea sauti vyao, kwani spika ya ofisi yetu nayo haitoi sauti nzito.